Mahari ya Nyuzi Saba

Mkono wa Amjad ulikuwa na jasho, na wangu pia. Tulikuwa tumeketi juu ya zulia la msikiti, goti kwa goti, tumeshikana mikono ya kulia, na Sheikh Abubakr ameweka wake juu ya yetu. Nyuma yake walikaa wanaume wa mitaa ya Mkomani na Langoni, na wajomba wa Amjad waliovuka kutoka Mbwajumali, kisiwani Pate, tangu asubuhi, na nje barazani halua ilikuwa imeshafunuliwa, nililijua hilo kwa kelele za watoto. Nilikwisha sema, "Nimekuoza dada yangu Fairuz binti Jaafar." Yalibaki maneno ya mahari. Hayakutoka.

Sheikh alidhani ni haya. Wajomba walidhani ni huzuni, maana Fairuz ni dada yangu wa pekee, na baba yetu aliyestahiki kukaa mahali pale alikwisha tangulia. Wote walikosea. Ulikuwa ni wivu. Nilimwonea wivu mtu niliyemshika mkono kwa kuwa anamchukua dada yangu, nikamwonea wivu dada yangu kwa kuwa anamchukua mtu niliyemshika mkono, na juu ya yote nilikionea wivu kinanda. Hasidi hana sababu, husema watu. Mimi nilikuwa nazo tele.

Ili nieleweke lazima niseme habari za muziki wenyewe, kwani si muziki wa kwetu Amu, kisiwani Lamu. Jina lake ni black metal, na mimi na Amjad tuliuita metali basi. Tuliupata tukiwa shule ya bweni huko bara, kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, tukigawana waya wa masikio, yeye wa kushoto mimi wa kulia. Ngoma zake ni kama mvua ya masika juu ya mabati. Mwimbaji haimbi, hulia kwa koo lililokauka, kama mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa akiwa peke yake kwenye fungu la mchanga baharini. Ukiusikia mara ya kwanza utasema hawa watu wanaumwa. Ukivumilia, utasikia kwamba ndani ya kelele zile mna mahadhi, tena mahadhi ya huzuni nzuri, yanayopita chini kwa chini. Iko aina ambayo mahadhi hayo ndiyo roho yake, na aina hiyo ndiyo tuliyoipenda sisi. Wako miongoni mwa wapigaji wake, watu wa nchi za baridi, wanaoimba kumtukana Mungu. Hao tuliwaruka. Sisi tulikuwa na mambo yetu ya kulilia: miji iliyoliwa na mchanga, makaburi yasiyojulikana ni ya nani, visima vilivyogeuka vikawa vya munyu.

Tuliporudi nyumbani tukaunda kundi, tukaliita Magofu. Kundi ni neno kubwa. Tulikuwa watu wawili na kompyuta. Amjad ana duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi pale Wiyoni, na chumba cha nyuma alikibandika trei za mayai ukutani ili sauti isiwafikie majirani. Yeye alitunga maneno, akayalia, akapanga ngoma ndani ya kompyuta. Mimi nilipiga gitaa. Katika metali gitaa hukwanguliwa uzi mmoja kwa kasi, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka noti zishikane zikawa mstari mmoja unaotetemeka, na mahadhi hupita humo. Kwa hiyo mahadhi yalikuwa yangu. Naomba hilo likumbukwe.

Wapenzi wa muziki huu wana ugomvi wao wa zamani, na mtandaoni hutukanana juu yake kama wake wenza: mahadhi yabebwe na nini, kinanda au gitaa? Wa kinanda husema kinanda huleta upana, huleta baridi na ukungu. Wa gitaa husema kinanda hutia sukari katika kitu kilichokusudiwa kuwa kichungu. Mimi nilikuwa wa gitaa, tena wa wale wakali. Niliandika huko mtandaoni, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwamba kwetu kinanda ni chombo cha arusi, na mtu hawezi kulilia mji uliokufa kwa chombo kile kile kinachochezewa na mabibi arusi. Watu wa nchi nisizowahi kuziona wakaniunga mkono. Nilijiona mwanachuoni.

Ukweli ulikuwa nyumbani. Marehemu baba, Bwana Jaafar, alikuwa mpiga kinanda wa taarabu, na hapakuwa na arusi ya maana Amu bila yeye. Nilipofika umri wa kufundishika aliniketisha kwenye stuli yake. Alinipa noti tatu nikamrudishia mbili. Alinipa tena. Fairuz alikuwa chini mkekani anachambua mchele na mama, mdogo hata sinia lilimpita upana, na baba alipoupiga ule mstari mara ya sita au ya saba, jibu lilitoka mkekani, kwa sauti, noti zote na ile nusu iliyojificha katikati. Baba alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Inuka kidogo, Mahir." Hicho kidogo hakijaisha mpaka leo.

Ndipo nikatafuta gitaa. Nililinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake Shela kurudi kwao. Shingo yake ilikuwa imeshaanza kupinda kwa unyevu wa bahari, na kila mwaka ikapinda zaidi, nami ninafanya kazi ya kuchonga na kupiga msasa vitanda vya Kiamu, kwa hiyo nilijua vizuri kwamba mbao ile haitanyooka tena. Sikujali. Kilikuwa chombo ambacho hapana mtu nyumbani kwetu aliyejua hata kukishika.

Fairuz naye akakua na kinanda cha baba. Akawa mpigaji wa arusi za wanawake, zile ambazo simu hukusanywa mlangoni na mwanamume hakanyagi. Ina maana wanawake wote wa mji walimjua na kumsifu, na wanaume wa mji, ukiondoa sisi wa nyumbani, hawakuwahi kumsikia hata noti moja. Hali hiyo ilinifaa sana. Yeye alikuwa na nusu yake ya dunia, nami nina yangu.

Mambo yaliharibika alasiri moja. Nilikuwa nimepata mahadhi ya wimbo mpya, "Kisima cha Munyu", na niliyaona kuwa ndiyo mazuri kuliko yote niliyowahi kuyapata. Nikaiweka simu kitandani irekodi, nikafungua spika ya gitaa, nikayapiga yote mara moja bila kusita, nikamtumia Amjad. Alinipigia kabla sijalitundika gitaa.

"Mahir, ni nani huyo nyuma yako?" akauliza.

Nikamwambia hakuna mtu. Akaniambia nisikize. Nikasikiza, na kweli, chini ya gitaa langu kulikuwa na sauti ya pili. Fairuz alikuwa ghorofani akijizoeza, sauti ikapenya kati ya boriti za dari. Aliyadaka mahadhi yangu yakiwa bado ya moto, akayatandikia mengine ya polepole, marefu, kama mtu anayemfuata mtoto nyuma akihakikisha haanguki. Mimi niliyekuwa nikipiga sikusikia kitu, kwa kelele zangu mwenyewe. Simu ilisikia yote.

Amjad alimtaka huyo mpigaji. Nilipomwambia ni dada yangu aliomba radhi kwa adabu, kisha kesho yake akaomba tena kwa adabu zaidi. Nilikataa, nikasema ni kinanda cha arusi. Akasema alikuwa ameusikiliza wimbo ule mara nyingi tangu nilipomtumia, na kila mara humsahau mpiga gitaa. Alilisema hilo bila ubaya, kama mtu anayekwambia kanzu yako ina doa. Nilikuwa na njia gani tena ya kukataa? Ningekataa angejua inaniuma. Nikakubali, nikaweka masharti: hatapewa namba ya simu ya Fairuz, hatakanyaga nyumbani kwetu, na kila kilichorekodiwa nitakipeleka na kukirudisha mimi mwenyewe kwa flash. Masharti hayo niliyaita heshima ya nyumba, na hakuna aliyebisha, maana ndivyo inavyotakiwa.

Basi ikawa kazi yangu. Fairuz atapiga ghorofani, mimi nitaitia flash mfukoni, nitashuka vichochoro mpaka Wiyoni, nitakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya trei za mayai na kumtazama rafiki yangu akifumba macho. Kisha nitarudi na aliyoyapanga Amjad, Fairuz ayasikilize, apige upya. Amu ina punda wengi, nami nikaongeza mmoja.

Kinanda cha baba kilipangwa kwa taarabu, kwa hiyo kilizijua zile robo sauti za Kiarabu, zinazokaa kati ya noti na noti. Gitaa lina vizuizi vya chuma shingoni, na sauti inayokaa kati ya vizuizi viwili, langu halikuifikia. Fairuz alizitumia kwa uchache, pale pale ambapo mstari wangu ulikuwa umelemea upande mmoja, na wimbo wote ukawa na jeraha ambalo mimi sikulitia. Nilimwambia Amjad hii si arusi. Akaniambia, sikiza tena. Nikasikiliza tena. Sijui kama iko adhabu kubwa kuliko kulazimika kusikiliza mara ya pili kitu kizuri ambacho si chako.

Kila alipochanganya sauti upya, gitaa lilishuka kidogo na kinanda kikapanda kidogo. Tulipoutoa wimbo mtandaoni, mahadhi yalikuwa yamehama kabisa. Mimi nilikuwa nikikwaruza huko chini kama mtu anayesugua sufuria jikoni wageni wakila sebuleni. Na wageni walikula. Wale wale wakali wa gitaa waliokuwa wakiniunga mkono waliandika kwamba kinanda hiki ni kingine, kwamba hawajapata kukisikia cha namna hii, ni nani huyu? Mtu mmoja wa Ufini aliyekuwa akitoa kanda za kaseti chumbani mwake akaandika anautaka, na akatusifu: kinanda kinatoa machozi, na gitaa ni ukuta mzuri.

Ukuta. Nilikaa na neno hilo wiki nzima karakanani. Ukuta huegemewa, ukuta hukojolewa, lakini hujamsikia mtu akimwambia mwenzake kwamba leo amelala vizuri kwa sababu ya ukuta.

Nikiwa nimeshughulika na kuumia sikuona kilichokuwa mbele ya pua yangu. Amjad alianza kuniuliza maswali madogo: amesemaje, amependa, hajachoka? Fairuz naye, ambaye kwa kawaida hunijibu mimi neno moja kwa siku, akawa ananingoja juu ya ngazi. Alikuwa akiacha mstari wa kinanda bila kuumaliza, na Amjad huumalizia kwa mlio wa ngoma au kwa mstari wa maneno, kisha yeye hujibu, na mimi ndiye niliyekwenda na kurudi. Walikuwa wakiposana mfukoni mwangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikifungia kifungo.

Posa ilikuja baada ya Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi. Bwana Athman, ami yake Amjad, mzee wa Mbwajumali mwenye maneno machache na mikono mikubwa, alikuja na wenzake wawili, akakaa barazani kwetu, akasema alichotumwa. Kwa kuwa baba hayupo, walii wa kumwoza Fairuz ni mimi. Nikasema tutawapa jibu. Kisha siku zikapita, jibu sikulipeleka.

Mama yangu, Bi Zamzam, alinivumilia kwa muda. Nilimpa kasoro zote nilizoweza kuzipata. Nikasema Amjad hana nyumba. Mama akanikumbusha kwamba kwetu nyumba ni ya binti, ghorofa ile baba alishamwandikia Fairuz, na bwana arusi ndiye ataingia. Nilikuwa nimelisahau hilo, na kulikumbuka hakukunisaidia: mtu niliyemkataza asikanyage mlangoni kwetu angehamia juu ya kichwa changu. Nikasema ana kazi isiyo na mwelekeo. Nikasema watu wa Pate wana mambo yao. Mama alikuwa anakuna nazi. Aliweka mbuzi kando, akapangusa mikono.

"Mahir, una moto wa makumbi," akasema. "Hauwaki ukaonekana, wala hauzimi. Enda kamuulize mwenyewe, ukisha unambie."

Nikapanda juu. Fairuz alikuwa kwenye ile stuli. Nilimuuliza kama ameridhika na Amjad, nikiwa nimeangalia dirisha, na akasema ameridhika, akiwa ameangalia vidole vyake. Nikamuuliza anataka mahari gani. Nilitazamia pete, au mkufu, au kitanda kutoka karakana yetu, ambacho kwa vyovyote ningekichonga mimi.

"Nataka gitaa," akasema. "La umeme, la nyuzi saba. Jipya. Na usinipunguzie hata uzi mmoya."

Nilishuka ngazi taratibu, nikakaa chumbani mwangu, nikalitazama gitaa langu lilivyotundikwa ukutani na shingo yake ya upinde. Hesabu ilikuwa rahisi. Mwanamke anayepiga kinanda, mwenye kinanda, anayesifiwa kwa kinanda mpaka Ufini, ana haja gani na gitaa? Alikuwa ananitakia mimi. Aliona shingo iliyopinda, aliona nilivyozikwa chini ya wimbo, akaamua kunilipa kwa kile ambacho sheria yenyewe inamlazimisha mwanamume kukitoa. Mahari ni haki ya mke, humpa amtakaye.

Nilitukanika na kufurahi kwa pamoja, na mpaka sasa siwezi kukwambia kipi kilizidi. Kupewa sadaka na mdogo wako si jambo la kusimulia. Lakini nyuzi saba! Ule uzi wa chini zaidi, mzito, ungeniwezesha kushuka mahali ambapo hakuna kinanda ambacho kingenifuata bila kuvuma tu. Usiku na mchana nilijipangia sura ya kulipokelea: sura ya mtu aliyelazimishwa, asiyetaka makuu, anayekubali kwa ajili ya kuwaridhisha watu wa nyumbani. Niliifanyia mazoezi. Wiki hiyo hiyo nikampelekea Bwana Athman jibu la ndiyo, watu wakasema Mahir ana moyo mzuri.

Na kwa kuwa nimeshakuwa tajiri, nikaliuza la zamani. Mohdhar, anayewapigia wageni nyimbo laini kwenye hoteli moja ya Shela, alikuwa akilitamani siku nyingi. Nilimweleza habari ya shingo, akasema wageni hawaangalii shingo. Nililifunga kwenye shuka, nikampa, nikarudi nyumbani kwa miguu kupitia ufukweni nikipiga mluzi. Ukuta wa chumbani ukabaki na msumari.

Hapo msikitini, basi, na mkono wa Amjad ndani ya mkono wangu, nilikuwa na mzigo wa namna hii. Kilichonikwamisha ni kwamba kulitamka lile neno mbele ya wanaume wa mji ilikuwa ni kukiri mbele yao kwamba nalipwa. Hawakujua. Mimi nilijua. Sheikh Abubakr alingoja, kisha akainama kidogo akauliza kama mke ameridhika na mahari. Nikasema ameridhika. Akauliza ni nini. Nikamnong'oneza. Alirudi nyuma kunitazama kama niko mzima, na wajomba wa Mbwajumali wakatazamana.

"Babu zetu wakipiga kibangala, nacho ni cha nyuzi, papa hapa Amu," Sheikh akasema, "na arusi zao zilisihi. Kila mtu na Mola wake. Taja."

Nikataja. "Kwa mahari ya gitaa moja la nyuzi saba." Mzee mmoja nyuma akauliza jirani yake nimesema nyuzi ngapi. Amjad alisema, "Nimekubali," kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Macho yake yalikuwa yamejaa, akanikumbatia kwa nguvu, na ilibidi nikumbuke kwamba huyu ndiye aliyenigawia sikio moja la muziki tukiwa bado hatujaota ndevu. Kwa kitambo kidogo nilimpenda kama zamani. Kisha tukatoka kwenda kula halua, nikaona wajomba wote wanampa yeye mkono kwanza.

Gitaa lenyewe lililetwa na basi kutoka Nairobi, na lilivuka bahari kutoka gati la Mokowe limelazwa juu ya magunia ya vitunguu. Nililiona likipita tu, ndani ya kasha lake jeusi, likichukuliwa kichwani na akina mama pamoja na masinia ya nguo na udi, kuelekea upande wa wanawake ambako siruhusiwi. Vigelegele vililipokea. Sijui walidhani ni nini.

Fungate ikapita. Siku saba nilisikia nyayo za Amjad juu ya dari yangu, na kicheko chake, na kinanda kidogo, na mara moja mlio wa nyuzi zilizolegea ukakatika upesi, kama mtu aliyegusa kitu kisicho chake. Nilijiambia wanaona haya kuliharibu kabla halijanifikia. Nilipaka mafuta viungo vya vidole. Siku ya nane, baada ya sala ya adhuhuri, sauti ya Fairuz ikaniita kutoka juu ya ngazi.

"Kaka, ndoo yuu."

Nilipanda na ile sura yangu tayari. Chumba kilinukia udi na nguo mpya. Amjad alinipisha nikaingia kuketi, yeye akasimama mlangoni. Kasha lilikuwa wazi mkekani, na ndani yake gitaa jeusi, limeng'aa hata niliona ndevu zangu. Fairuz alilinyanyua kwa mikono miwili akaniwekea magotini. Alisema nyuzi zimelegea kwa safari, nilitie sauti, hapana mwingine ajuaye. Mbao ilikuwa nzito na shingo imenyooka kama rula. Nilipitisha kidole gumba chini yake toka kichwani mpaka tumboni, nikakuta aliyeipiga msasa alikuwa fundi kweli. Nikaukaza uzi wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba, ule mnene, na ulipotulia mahali pake niliuhisi kifuani.

Kisha nikapiga. Nilipiga "Kisima cha Munyu" kama kilivyokuwa alasiri ile ya kwanza, kabla hakijaguswa na mtu, na kila mahali nilipokuwa nikikwama kwa ubovu wa shingo ya zamani, vidole vilipita bila kuuliza ruhusa. Niliushusha mstari mpaka kwenye uzi wa saba, nikaupandisha tena. Nilipoinua macho, Amjad alikuwa ameegemea mlango amefumba yake, vile vile kama alivyokuwa akikifumbia kinanda. Nilikuwa na kila nilichokitaka. Nikaumaliza wimbo polepole, nikauacha uvume ndani ya mbao, nikatengeneza sura yangu ya mtu anayelazimishwa.

Fairuz alikuwa amekaa mbele yangu, mikono ameinyoosha.

"Sasa nipa," akasema.

Nilidhani anataka kulirudisha kashani. Nikampa. Akaliweka pajani, akakipinda kiwiliwili chake juu yake vibaya, kama kila anayeanza, na ncha ya ulimi imetoka. Akatafuta. Akakosea, akarudi. Kisha mstari wangu ukaanza kutoka, kilema, noti moja moja, lakini wote. Alipofika pale mahali penye jeraha hakusimama kwenye kizuizi. Aliusukuma uzi kando kwa kidole, akausukuma tena, uso umekunjamana kwa maumivu, mpaka robo sauti ikatoka kwenye gitaa. Amjad alicheka kwa furaha. Fairuz alinyonya kidole chake kilichochubuka.

"Nalikuwa nikikuonea wivu, kaka," akasema, bila kunitazama. "Kinanda nalipawa. Wewe chako ulikitafuta mwenyewe." Alisema kwamba kila alichokipiga kwenye kinanda miezi yote ile kilikuwa ni kulifuata gitaa langu, na amechoka kufuata kwa nyuma, anataka kukaa ubavuni. Amjad alikuwa ameshafikiri namna ya kurekodi: magitaa mawili, moja kila sikio, kinanda kipumzike. Alikwenda chumba cha pili akaja na mto, akauweka mkekani kando ya mkewe.

"Enda kalete lako," Fairuz akasema, "tupige pamoya."

Nikasema uzi umekatika. Nikasema nitakuja nalo kesho.

"Haya, kesho," akasema, akasogea mkekani kuniachia nafasi, na akaanza tena mwanzo wa wimbo.